Msiba Usio na Marehemu

Ili utoke nje ya lango la chuo chetu ilibidi uwe na homa au uwe na msiba. Homa ilipimwa na mganga wa zahanati kwa kipimajoto, na msiba ulithibitishwa na ndugu aliyekuja kukuchukua. Mimi sikuwa na homa wala sikuwa nimefiwa. Kwa hiyo katika mwaka wangu wa pili wa masomo, nilipopatwa na jambo ambalo hadi leo silijui jina lake vizuri, sikuwa na pa kutokea.

Kilikuwa chuo cha ualimu, upande wa Temeke, kule ambako siku hizi nyumba zimebanana hadi huoni ardhi na wakati ule ilikuwa mikorosho na mihogo mpaka macho yachoke. Ni miaka ile nchi ilipotaka kila mtoto aende shule, na walimu hawakutosha, basi sisi tulipikwa harakaharaka. Alfajiri mchakamchaka, kisha usafi, kisha darasani, kisha jembe, kisha darasani tena, na jioni siasa. Kila kazi ilikuwa na wimbo wake. Uliimba ukikimbia, uliimba ukipalilia, uliimba ukibeba matofali ya jiko jipya, na aliyefunga mdomo wakati wenzake wanaimba alionekana upesi kuliko aliyechelewa. Sisemi haya kwa kebehi. Niliyaamini maneno ya nyimbo zile, na nyingine bado naziimba nikifua. Ila mtu akiniambia leo kwamba vijana wa zamani hawakuwa na mambo haya ya msongo wa mawazo, huwa namuuliza yeye angejuaje, na sisi tulikuwa tunaimba.

Kwetu ni Kinondoni. Mama alikuwa akipika vitumbua barazani, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kufika kidato cha nne. Ualimu niliutaka mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Tangu mdogo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa wapangaji kusoma kwa kuandika na kipande cha mkaa kwenye ukuta wa uani, na mwenye nyumba alinigombeza hadi akachoka. Nilipopata nafasi chuoni mama aligawa vitumbua bure mtaa mzima. Kutoka chuoni hadi nyumbani ilikuwa safari ya mabasi mawili tu, na bado niliiona Kinondoni mbali kama Bukoba.

Jambo lenyewe lilianza na ndoo. Nilikuwa nimepanga foleni bombani, zamu yangu ikafika, nikashindwa kuinua ndoo. Wala haikuwa nzito, maana ilikuwa tupu. Niliitazama tu. Wenzangu wa nyuma wakaanza kuguna, mmoja akanisogeza pembeni, akakinga maji yake. Baada ya hapo mambo mengine yakafuata moja moja. Ugali ukawa haushuki. Usingizi ukawa unakuja mchana darasani na kunikimbia usiku. Watu walikuwa wakisema na mimi nikasikia sauti zao zikitokea mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Machozi sikuwa nayo. Wengi hudhani mtu wa hivi analia, na mimi ningeshukuru kama ningeweza kulia.

Kisha likaja zoezi la kufundisha. Tulipelekwa shule ya msingi iliyokuwa jirani na chuo, nami nikapangiwa darasa la tatu, somo la hesabu. Mkufunzi alikaa nyuma kabisa, miguu yake mirefu imekunjwa kwenye dawati la watoto. Nikaandika tarehe ubaoni, nikaandika somo, nikapiga mstari chini yake. Halafu nikashindwa kugeuka. Nyuma yangu watoto walikuwa wamebanana wakinisubiri, nami nilijua nikigeuka watanitazama, na nikitazamwa itabidi niwe mtu, na siku ile sikuwa na mtu wa kuwapa. Nikapiga mstari mwingine. Nikapiga mwingine tena.

"Mwalimu," mtoto mmoja akauliza, "na sie tupige mistari mingi?"

Mkufunzi akaja taratibu, akanitoa chaki mkononi bila neno, akawafundisha yeye kujumlisha. Mimi nilibaki nimeuelekea ubao mpaka kengele ilipolia. Kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa nyuma ya mgongo wangu, na nilishindwa kukigeukia.

Nilikwenda zahanati. Mganga akanipima, akatazama kipimajoto dirishani, akasema sina homa, kwa hiyo siumwi. Hata hivyo alinipa klorokwini, dawa ya malaria, maana alikuwa mtu mwema na klorokwini ndiyo aliyokuwa nayo. Nikawashwa mwili mzima siku ile na kesho yake, nikajikuna hadi nikachubuka, na ndani nikabaki vilevile.

Hapa lazima niwaeleze mtani wangu. Bwenini tulilala vitanda vya chini na juu, na juu yangu alilala msichana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mimi ni Mzaramo. Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu: mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya sahani ukiwa katikati ya kula, hata kuvuruga mazishi ya baba yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza tu alipoambiwa kabila langu alinyang'anya mto wangu. "Nyie Wazaramo mnazaliwa mmechoka," alisema, "mto wa nini tena?" Nami, kwa kuwa Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa misafara ya zamani, nikamwambia mpagazi hapaswi kulala, ashuke abebe mizigo ya watu. Tuliendelea hivyo asubuhi na jioni. Nadhani hakuna mtu aliyenitukana kwa upendo mwingi namna ile, kabla yake wala baada yake.

Nilipoanza kushindwa kuamka kwa ajili ya mchakamchaka, kiranja wa bweni letu akapeleka jina langu, kama ilivyompasa. Alikuwa msichana mnyoofu, wa kwanza kuamka na wa kwanza kuanzisha wimbo, na sauti yake nzuri ilitutoa kitandani kuliko kengele. Jina langu likasomwa kwenye mkutano wa kujikosoa. Pale ukumbini mtu alisimama mbele ya wenzake akaeleza kosa lake, na wenzake wakamsaidia kulieleza vizuri zaidi. Neno lililotumika kwa mtu kama mimi lilikuwa kupe. Kupe ananyonya jasho la wengine. Wenzako wanalima, wewe umelala.

Nilisimama. Waliniuliza naumwa nini, nikasema siumwi. Waliniuliza nimefiwa, nikasema hapana. Nimegombana na mtu? Nina mimba? Sipendi siasa ya nchi? Hapana, hapana, hapana. Walikuwa hawana neno lingine la kunipa, nami nilitaka kukaa chini. Nikasema, "Mimi ni mvivu." Ukumbi ukapumua. Wakanipigia makofi kwa ujasiri wa kukiri. Ule ulikuwa uongo mtupu, na hadi leo unanikera kuliko uongo wowote niliowahi kuusema, kwa sababu ndio pekee ulioshangiliwa.

Mkuu wa Chuo alisubiri makofi yaishe. Alikuwa mtu wa kusini, mrefu, hacheki ovyo, kofia yake haikumtoka kichwani.

"Ndugu," alisema, "taifa haliwezi kusomesha mtu aliyelala. Jumatatu kamati ya nidhamu itakaa. Ikikukuta umeshaamka, umeshinda. Ikikukuta kitandani, utafungasha."

Basi nikawa nimefungiwa pande zote mbili. Nikitoka langoni kwa namna ile, sitakuwa mwalimu kamwe. Nikitaka kubaki, lazima niamke, na kuamka ndiko nilikoshindwa. Wengine walianza kunong'ona kwamba huyu apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila mtu wa umri wangu anajua kwamba zamani mtu hakupelekwa Dodoma kula zabibu. Nilijilaza nikahesabu mbao za kitanda cha juu. Nilijaribu kujigombeza kwa maneno ya mkutanoni, nikajiita kupe kimoyomoyo, nikijipa moyo kwamba labda hasira itaniinua. Haikuniinua.

Usiku ule baada ya mkutano mtani wangu alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Nilimsubiri aseme kwamba Wazaramo leo tumekiri wenyewe mbele ya mashahidi. Nafasi nzuri kama ile hakuna mtani anayeiacha. Hakusema kitu. Alinitazama, akavuta shuka akanifunika miguu, akapanda juu kulala. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mambo yote niliyoyapata kabla ya hapo yalikuwa hayajanitisha kama kunyamaziwa na mtani.

Jumapili mchana ulikuwa muda wa kufua na kusukana. Nilisikia mlango wa bweni ukipigwa teke. Mtani wangu akaingia na mkeka kwapani, kanga amejifunga kiunoni na nyingine kichwani kama mama mzima aliyepata habari mbaya. Akatandika mkeka sakafuni karibu na kitanda changu, akaketi, akanyoosha miguu, akaanza.

"Jamani Mzaramo kafa. Mzaramo wetu kafa, jamani, kafa kitandani. Hata kufa kafa kivivu."

Wasichana waliokuwa uani wakaingia mbio, mikono ina povu la sabuni. Walipoona ni utani wakaangua kicheko, wakavua ndala, wakajitanda kanga vichwani, wakakaa mkekani. Mtani akachukua kanga yangu mwenyewe akanifunika kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nani atatuchelewesha bombani?" aliendelea kulia. "Nani atakula ukoko wangu na kusema si yeye? Viatu vyake navichukua mie, haki ya mtani. Ona, vimenibana, hata miguu yake ilikuwa mivivu kukua."

Chini ya kanga niliwasikia wakicheka hadi wengine wanakohoa. Nilitaka kukasirika, na kukasirika siruhusiwi. Nilitaka kucheka pia, nikashindwa. Kulikuwa na joto chini ya ile kanga, nikaona mwanga mwekundu tu wa rangi zake, na nikawaza kwamba pengine hivi ndivyo nitakavyokuwa, wao wanacheka pale na mimi nimefunikwa hapa.

Halafu mtani akafanya jambo ambalo watani hulifanya kwenye mazishi ya kweli. Huwa wanaingia kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka mpaka wafiwa wawaridhishe. Alinyanyuka mkekani, akaingia kitandani mwangu na viatu vyangu miguuni, akajilaza ubavuni kwangu, kitanda kikalia.

"Nimekaa kaburini," alitangaza. "Hazikwi mtu hapa. Sitoki mpaka marehemu mwenyewe aseme kilichomuua."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Nilihisi bega lake likigusa langu, na chini ya kanga, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, akaniambia, "Sema, mtani. Mie sitoki."

"Nimechoka," nikasema.

"Umechoka na nini?"

"Sijui. Nimechoka tu. Naamka nimechoka. Sitaki kufa, mtani, ila kuamka siwezi, na si uvivu. Nilisema uongo."

Nilidhani nimesema kwa kunong'ona. Kumbe bweni zima lilikuwa limenyamaza na kusikia kila neno. Kicheko kilikuwa kimekatika. Kisha mtu akaanza kulia karibu na mlango. Kulia kwake hakukuwa na maneno wala madoido ya utani. Nilifunua kanga kidogo nione. Alikuwa kiranja, yule wa kuanzisha nyimbo, amekaa na uso kwenye magoti.

"Mie pia," alisema. "Kila alfajiri. Naimba ili nisikae chini."

Nikisema wote walilia nitakuwa naongeza chumvi. Wengine walitazama kucha zao, mmoja alitoka akarudi kwenye beseni lake. Ila waliolia walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na kila mmoja alilia lake, maana hakuna aliyeuliza mwenzake una nini. Mtani wangu alilia akiwa amelala chali kitandani mwangu, machozi yakimwingia masikioni. Nami hatimaye yangu yakaja.

Nyumba ya Mkuu ilikuwa karibu na mabweni ya wasichana. Alisikia kilio akaja, akabisha hodi, akasimama mlangoni. Aliona mkeka, akaona kanga vichwani, akaona nyuso. Akavua kofia yake. Sikuwahi kumwona kichwa wazi, alikuwa na upara.

"Poleni," alisema. "Nani amefiwa?"

Mtani wangu akashuka kitandani haraka. "Hapana, Ndugu Mkuu. Ni utani tu. Mimi ndiye nimeanzisha, nisamehe."

"Utani gani huu watu wanatoa machozi?"

Niliona Jumatatu imefika kabla ya siku yake. Sijui nilipata wapi nguvu, nadhani ni kwa kuwa nilikuwa nimeshalia na mwili umelegea. Niliketi, kanga ikaanguka.

"Ni mimi niliyefiwa, Ndugu Mkuu."

"Umefiwa na nani?"

"Simjui," nikasema. "Lakini nimefiwa."

Aliizungusha kofia kwa vidole. Nilisubiri aniulize kama nina akili timamu. Badala yake aligeuka akamtazama kiranja wake kwenye sakafu, yule aliyemtegemea kuliko wote, akamtazama tena na tena.

"Aliyefiwa hakai mbele ya kamati," alisema mwishowe, kwa ile sauti yake ya kusoma kanuni. "Aliyefiwa huenda kwao. Matanga yakiisha, urudi. Na wewe mtani, umsindikize. Mfiwa haendi peke yake." Akawageukia wengine. "Na ninyi..." Hakumaliza. Alirudisha kofia kichwani, akaondoka. Kesho yake alfajiri mchakamchaka ulikuwepo kama kawaida, mtani aliniambia baadaye, na kiranja aliimba.

Niseme kabisa, maana sipendi kumweka msomaji roho juu, kwamba nilirudi. Kamati haikukaa juu yangu. Nilifundisha tena darasa la tatu, nikageuka, nikaendelea kugeuka mpaka nilipostaafu. Mtani wangu aliendelea kuniita marehemu hadi tulipohitimu. Kuna miaka jambo lile lilinirudia na kuna miaka lilinipa nafasi, na siku hizi tumezoeana. Ila ninachotaka kukisimulia ni Jumapili ileile, tulipofika Kinondoni.

Mtani alimwamkia mama shikamoo, akasema, "Nimewaletea mfiwa wenu," akala vitumbua kwa haki ya utani, akakimbilia basi. Mama alikuwa kwenye kigoda barazani, ungo mapajani, anachagua mchele wa kesho. Alinitazama mimi bila begi, uso umevimba.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama."

Nikakaa chini sakafuni karibu naye, nikamweleza yote: ndoo, ubao, mkutano, kanga. Nilitegemea atapiga kelele kuhusu nafasi yangu chuoni, au ataniambia nimerogwa, maana majirani wangesema hivyo. Aliendelea kuchagua mchele.

"Ukiamka mwili mzito kama nguo iliyolowa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na watu wakisema unawasikia wako mbali?"

"Ndiyo, mama."

Vidole vyake vikasimama. "Sasa mbona umewaambia?"

"Wameniuliza."

"Mie hawakuniuliza," alisema. "Langu mie nililiitaga mgongo."

Tangu nikiwa mdogo, tangu mikono yangu haijatosha kuzunguka kiuno chake, nilikuwa nikimkanda mama mgongo. Mafuta ya nazi yenye chumvi, jioni baada ya jioni, yeye amelala kifudifudi mkekani na mimi nimempigia magoti, ananielekeza juu kidogo, chini kidogo, hapohapo. Majirani walinisifu. Nilijisifu mwenyewe.

"Liliisha lini?" nikamuuliza.

"Nani kakwambia limeisha?" Akatoa jiwe moja kwenye mchele, akalirusha uani.

Nilisogea nyuma ya kigoda chake. Niliinua mikono nimkande kama nilivyozoea, nikaiacha hewani, maana sikujua tena nishike wapi.